Kinu Chenye Masikio

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nasra aliniletea kinu cha mti kutoka sokoni Tottenham. Alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika kwamba blenda inaifanya thaumu kuwa uji. Akakiweka mezani, akatia punje za thaumu na pilipili kavu kiganja kizima, akapiga mchi mara mbili. Basi ile harufu ikapanda, ya mti mkavu na thaumu na pilipili, nami nikaruka kitini nikamshika mkono.

"Kigeuze kwanza," nikamwambia.

Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimeanza kuchanganyikiwa. Kiswahili anakisikia chote, lakini kumtaka akijibu ni kama kumng'oa jino. Nikamwambia sijachanganyikiwa, akigeuze tuone upande wa pili una nini. Akamwaga vitu sahanini, akakigeuza. Hakikuwa na kitu. Kinu tu. Ndipo nikakaa nikapumua, na yeye akavuta kiti akasema hatwangi tena mpaka nimweleze.

Nilichomweleza yeye ndicho ninachowaeleza nyinyi. Mimi sikusoma sana, na sababu yake mtaiona humu humu, kwa hiyo msinitafutie maneno ya kupamba.

Tulikuja London mwaka ule Wahindi wa Kenya tulipogombania ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nusu. Sisi tulikuwa Wahindi kwa baba na kwa paspoti, lakini ndani ya nyumba yetu kule Mombasa lugha ilikuwa Kiswahili, maana mama yake mama alikuwa Mswahili wa Mji wa Kale na yeye ndiye aliyetulea. Baba alikuwa na mizani kichwani. Kila kitu cha safari alikitazama, akakinyanyua kidogo, akasema hapana. Kinu cha mama nacho kikanyanyuliwa, kikaambiwa hapana. Mama akalia, akakiacha kwa jirani, lakini mchi akauviringisha ndani ya mablanketi bila baba kujua. Kwa hiyo tuliingia Uingereza na mchi bila kinu. Mama aliuegemeza pembeni mwa chumba, na kila akiupita aliugusa, kama mtu anayemgusa mgonjwa kuona kama homa imeshuka.

Vyumba vya kupanga vilikuwa tabu. Madirishani walibandika vikaratasi vya kutukataa watu wa rangi, na wengine wakaongeza kwamba watoto pia hapana. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, amevaa koti la baba juu ya buibui, na tulikuwa tukipanda ngazi za watu na kuzishuka. Aliyetufungulia mlango ni mwanamke wa Sierra Leone, mjane, mwenye nyumba yake nyembamba ya ghorofa mbili. Tulimwita Anti Jeneba. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na shingo yake ilikuwa na mikunjo mitatu kama amevaa pete za nyama. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitali, kwa hiyo alinuka sabuni hata siku za mapumziko. Yeye alikaa chini. Sisi akatupa vyumba viwili vya juu, na jiko dogo la gesi pale ngazi inapokata kona.

Siku ile ile alitufungulia kabati la chini ya ngazi. Lilikuwa limejaa vyombo vya wapangaji waliotangulia. Akasema, "Wekeni masanduku yenu humu. Na mkiona cha kuwafaa, chukueni." Mimi ndiye niliyefasiri. Mama hakujua Kiingereza, na baba alikuwa kiwandani mchana kutwa. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, chenye mashimo mengi, lakini katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa balozi.

Tukachukua sufuria. Tukachukua kiti, na pazia lililoliwa na nondo. Kisha siku moja, Alhamisi, mama akanituma nimtolee leso sandukuni. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami niliinama mpaka kichwa kikagonga ukuta wa nyuma. Pale, nyuma ya ndoo, nikaona kitu cha duara kimefungwa gunia na kamba, mdomo juu. Nikatia mkono. Kilikuwa kitupu, ndani laini, mti mtupu, upana wa kutosha ngumi zangu mbili.

Nilikikumbatia hivyo hivyo na gunia lake, nikapanda ngazi mbili mbili nikipiga kelele, "Mama! Kinu! Mama, kuna kinu!"

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akakibusu. Akatazama ndani, akapangusa kwa ncha ya leso, akasema ni chepesi, lakini miti ya Uingereza labda haina uzito kama watu wake. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na vijitundu vimezunguka pande zote. Akasema hivyo ni vya kutundikia. Gunia hakulivua, ati lizuie kishindo, tusimsumbue mwenye nyumba.

Basi akatwanga. Thaumu, tangawizi, pilipili kavu zilizokuja nasi kutoka Mombasa ndani ya soksi za baba. Aliketi chini, kinu katikati ya miguu, tumbo lake mbele, na kwa mara ya kwanza tangu tufike alikuwa akiimba. Mimi nilipiga chafya na kucheka. Mchi ule ulikuwa wa mvule na mama alikuwa na mkono mzito, na nikasikia mlio mmoja, ka!, kama fimbo inayovunjika, lakini hakuna aliyejali.

Baada ya hapo mama akaanza kunung'unika. Pilipili zilikuwa zikipungua bila kusagika.

"Kinu gani hiki kinachovuja?"

Akafungua kamba atafute tundu. Gunia likaanguka. Akakigeuza.

Kilikuwa na uso.

Uso wa mwanamke, mweusi kama sufuria la kuni, unang'aa. Paji la uso pana, nywele zimesukwa juu kwa ufundi wa ajabu, masikio madogo yamekaa vizuri, mdomo mdogo umefumbwa. Macho yalikuwa nyufa mbili nyembamba, na kutoka katika nyufa zile ilikuwa ikimwagika pilipili nyekundu, ikiteremka mashavuni polepole. Na kutoka utosini mpaka karibu na paji kulikuwa na ufa mpya, mweupe, tuliouweka sisi.

Nilipiga ukelele ambao nadhani Mombasa waliusikia. Husemwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki hatukukichonga. Nilijua papo hapo kwamba ni shetani, kwamba tumemtwanga kichwa, na kwamba atakuja kuturudishia.

Mama hakupiga kelele. Jambo hilo lilinishangaza wakati ule, na lilinishangaza kwa miaka. Alivua leso yake mwenyewe, akaurushia ule uso upesi, kama unavyomfunika mwanamke mwenzio aliyeangukwa na nguo njiani. Kisha akaanza kumpangusa. Alimpangusa macho kwa maji ya uvuguvugu, akipuliza, akinong'ona, "Samahani. Samahani, mwenzangu." Akamfunga gunia lake, akafunga kamba vile vile.

"Rudisha ulipokitoa. Na hukuona kitu. Wasikia, Zubeda? Tukifukuzwa hapa nitazaa barabarani."

Nikarudisha. Siku tatu sikula. Kila nilipopita pale ngazini nilipita nikikimbia.

Ambalo hatukulijua ni kwamba kila Jumapili, Anti Jeneba alikuwa akikitoa kile kitu na kukipaka mafuta ya mawese.

Jumapili ikafika. Baba alikuwa zamu. Tulisikia mlango wa kabati, tukasikia kimya, kisha tukasikia chafya. Moja, mbili, tatu. Mama alinitazama. Katika nyumba ile, na pengine katika mtaa mzima, hapakuwa na mtu mwingine anayenuka thaumu na pilipili isipokuwa sisi. Hatua zikapanda ngazi, nzito. Anti Jeneba akasimama mlangoni, kile kinyago amekibeba ubavuni kama mtoto, chozi linamtoka. Sikujua kama ni la pilipili au la kulia.

"Nani?" akauliza.

Mama akaniambia kwa Kiswahili, haraka, macho chini, "Mwambie hatujakiona."

Wazee wangu, hebu fikirini. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amesimama katikati ya wanawake wawili, na maneno yote ya nyumba ile yanapita kinywani mwake. Nikisema hatujakiona, harufu inatucheka. Nikisema tumekiona, tunatolewa nje kwenye baridi, na mama ana mtoto tumboni. Nilifungua mdomo niseme uongo. Lakini kile kinyago kilikuwa kimenielekea mimi, na wekundu ulikuwa umebaki kwenye pembe ya jicho, pale kitambaa cha mama hakikufika.

"Ni sisi," nikasema. "Tulidhani ni kinu."

"Mlidhani ni nini?"

Nikafanya ishara ya kutwanga. Nikamwonyesha mchi pale pembeni. Anti Jeneba aliutazama mchi, akakitazama kinyago, akautazama ule ufa.

"Hata kwetu tuna vinu," akasema taratibu. "Lakini kinu cha kwetu hakina masikio. Asubuhi mfunge vitu vyenu."

Mama hakungoja nifasiri. Usoni mwangu alishaona. Alishuka kwa magoti, na lile tumbo lake, akauchukua mchi, akaulaza miguuni pa Anti Jeneba.

"Muulize," akaniambia, "huyu ni wa ngoma ya wasichana?"

Nikauliza bila kujua ninauliza nini. Anti Jeneba akashtuka. Akamtazama mama kama ndiyo kwanza amemwona.

"Amejuaje?"

"Mwambie mama yangu alikuwa somo, mwenye kufunza wasichana," mama akasema. "Alikuwa na ngoma yake imefungiwa chumbani. Msichana akivunja ungo ndiyo inatolewa, wanawake peke yao, milango imefungwa. Mtoto akiigusa kabla ya wakati wake, anachapwa mpaka ajute kuzaliwa. Mimi niliigusa. Nilichapwa. Mwambie nilipomgeuza tu huyu nilimjua ni nani, na ndiyo sababu nimesema uongo. Mtu akimwogopa shetani anapiga kelele. Mimi niliona haya."

Nilifasiri kipande kipande, na vingine nilivifasiri vibaya, maana Kiingereza cha darasa la tano hakina neno la somo. Lakini nadhani vilifika. Anti Jeneba alikaa kwenye kile kiti kibovu alichotupa mwenyewe. Akasema kwao msichana akikua anatengwa na wenzake, anafunzwa na wanawake wakubwa kazi na adabu na siri za kike. Siku anapotolewa nje mji mzima unasimama, na anayemwongoza akicheza ni huyu, amevaliwa na mwanamke kichwani, na nyuzi ndefu nyeusi za majani, zimefungwa kwenye vile vijitundu, mpaka chini, pasionekane hata kidole. Wanaume wana vinyago vyao kwa wavulana wao, lakini huyu ni wa wanawake. Kile kilikuwa cha mama yake. Mama yake alikufa, yeye akaondoka nacho.

"Na sasa kimepasuka kichwa," akasema, akashuka chini bila kuaga.

Asubuhi tuliteremsha sanduku la kwanza, baba mbele, amekunja uso, hajui hata tunafukuzwa kwa nini. Anti Jeneba alikuwa ukumbini, amekaa na bakuli la mawese, anapaka ule ufa kwa kidole. Hakuinua macho.

"Rudisheni sanduku," akasema. "Mwambie mama yako nafasi ipo. Lakini kinu mtanunua."

Mama alijifungua mtoto mwanamume baridi ilipoanza kupungua. Shule yangu ikaishia pale: mama alidhoofu, baba kiwandani, nani amshike mtoto? Nilimshika mimi. Sidai kitu kwa hilo, nataja tu.

Na kabla mwaka haujageuka, siku moja nikifua nepi, nikaona ambacho kila msichana anakiona siku moja. Nikadhani nakufa. Nikamwonyesha mama, naye akageuza uso, akavaa leso, akashuka chini. Hakuniambia neno. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo wasemavyo, lakini kwetu Pwani mambo haya mama hamfunzi bintiye. Ni mwiko. Anayefunza ni somo, na masomo wetu wote walikuwa ng'ambo ya bahari mbili. Sijui mama na Anti Jeneba walisemezanaje bila mimi kufasiri. Walikaa huko chini saa nzima. Kisha nikaitwa.

Nilifunzwa siku saba, mchana, Anti Jeneba akitoka kazini. Kinyago kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kila siku alinifunulia sehemu moja. Paji la uso: mwanamke na afikiri kabla ya kusema. Mdomo mdogo uliofumbwa: ya nyumbani yabaki nyumbani. Akanitazama hapo akaongeza, "Isipokuwa ukiulizwa nani amenitwangia pilipili. Hapo sema." Macho membamba, mikunjo ya shingo ya mtu aliyeshiba na mwenye heshima. Alinifunza usafi, alinifunza mwili wangu, alinifunza namna ya kumkatalia mwanamume nikimtazama usoni. Siku ya saba akanipaka mawese kwenye paji, akapiga makofi, akacheza, mwanamke mzima na magoti yake mabovu, na mama akapiga vigelegele hata jirani Mwingereza akagonga ukuta.

Nikamuuliza, "Imekwisha?"

Akakifunika kinyago.

"Kwetu kuna jambo moja zaidi," akasema. "Hilo sitakufanyia. Wala wewe wala mwingine yeyote."

Nilinuna. Enyi watu, nilinuna siku tatu! Nilijua ananinyima lililo tamu kuliko yote, lile la mwisho, kwa sababu mimi si wa kabila lake, au kwa sababu ya ule ufa. Nilimpita ngazini bila kumsalimia. Yeye hakunikemea. Aliniwekea sahani ya wali na samaki pale kwenye kona ya ngazi, na mimi kwa kiburi nikamwachia ipoe.

Miaka ikaenda. Tukahama, nikaolewa, nikazaa, lakini Anti Jeneba hatukumwacha, na alipozeeka mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Kile kinyago kiko kwangu sasa, juu ya kabati la nguo, ndani ya kitambaa chake cheupe. Alisema, "Wewe ulikipasua, wewe ukitunze. Kisicheze tena." Shehe akija akiuliza kile ni nini, nitamwambia ni kinu.

Siku moja ya hospitali, nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nesi mmoja kijana alikuwa akijaza fomu yake. Akamuuliza Anti Jeneba maswali ya kike, kwa upole, akinitazama mimi kama kuuliza nitoke. Anti Jeneba akanishika mkono nisitoke. Akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akijibia jina na anwani.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa wembe. Aliyeushika alikuwa mama yangu, ndiyo ilikuwa kazi yake."

Kisha akanigeukia mimi.

"Alipokufa nilitakiwa nirithi vyote viwili, kinyago na wembe. Nikachukua kimoja, nikapanda meli."

Nilikiona kile chumba cha chini, mawese kwenye paji langu, magoti yake mabovu yakicheza, na ile sahani ya wali iliyopoa ngazini. Miaka thelathini nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke yule aliniachia mlango mmoja umefungwa kwa choyo. Kumbe alikuwa ameuegemea kwa mgongo wake, peke yake, mbali na kwao, amewakosa watu wake wote kwa sababu hiyo, na mimi nikamnunia.

Nesi akauliza kama niko salama. Nikainama chini nisionekane uso, nikajifanya namfunga Anti Jeneba kamba za viatu. Nilikaa pale chini muda mrefu.

Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.